Thomas Midgley, mhandisi wa petroli ya risasi na gesi ya friji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya halojeni, yaani jamii ya florini, klorini, bromini na iodini, huweka kitabu pembeni na kusimulia habari za Thomas Midgley Jr. Maswali yanayofuata huwa yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengine yametoka kwa mafundi wa magari na wa friji, ambao mara nyingi huuliza vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Midgley alikuwa nani?

Mhandisi Mmarekani aliyeajiriwa na viwanda kufanya utafiti, ndiye aliyetia risasi (ile metali) kwenye petroli na kuleta gesi mpya ya friji. Alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Ubunifu ulikuwa kazi ya ukoo: babu yake mzaa mama alijulikana kwa misumeno ya meno ya kubandika, na baba yake alishughulika na matairi ya magari. Alihitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1911, akaanza kazi Dayton kwenye kampuni ya National Cash Register, na mwaka 1916 akaingia maabara ya Charles Kettering iliyoitwa Delco. Maabara hiyo baadaye ilimezwa na General Motors.

Alisomea mitambo. Kemia aliingiaje?

Kwa mlango wa uani. Kettering ndiye aliyewaondolea madereva adha ya kuzungusha hendeli mbele ya gari, kwa stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Lakini injini za wakati ule zilikuwa na ugonjwa wa kugonga, ambao mafundi wetu huuita noki, na watu wakaulaumu mfumo wake mpya wa kuwasha kwa betri. Akamkabidhi Midgley kazi ya kutafuta mchawi.

Ndani ya silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa unatakiwa kuwaka taratibu, mwali ukitembea kutoka kwenye plagi hadi upande wa pili. Mafuta yakiwa duni, ile sehemu ambayo mwali haujaifikia hubanwa, hupata joto, kisha hulipuka yenyewe kwa mkupuo. Hapo ndipo unaposikia kile kinyundo. Nguvu inapotea, na noki ikizidi pistoni hutoboka. Watengenezaji wakawa wanaogopa kuongeza mgandamizo, na injini yenye mgandamizo mdogo ni mlafi wa mafuta.

Midgley alitengeneza kifaa cha kupima shinikizo ndani ya silinda wakati injini inazunguka, akaonyesha kwamba tatizo liko kwenye mafuta wala si kwenye umeme. Kifaa hicho husahaulika, lakini kwangu mimi ndicho kazi yake safi kuliko zote.

Kuhusu kemia yenyewe, yeye na Kettering walikumbuka ua moja la porini lenye majani mekundu linalochanua mapema hata theluji ikiwa bado chini. Wakawaza: labda wekundu hunyonya joto upesi, na petroli ikitiwa rangi nyekundu itageuka mvuke mapema. Midgley akaenda stoo kutafuta rangi nyekundu inayoyeyuka kwenye mafuta, akaikosa, akachukua iodini. Akaimimina, na noki ikapungua. Baadaye alipopata rangi nyekundu yenyewe, haikufanya lolote. Wazo lilikuwa potofu kabisa, ila lilimfikisha mahali.

Ilichukua muda gani kutoka iodini hadi risasi?

Miaka kadhaa. Iodini ilikuwa ghali na ilikula chuma. Walijaribu vitu chungu nzima: anilini, seleni, na teluri, ambayo inazuia noki vizuri lakini inanuka kama kitunguu saumu kilichooza, na harufu hiyo hupenya mwilini kiasi kwamba kuoga hakusaidii. Mwishowe Midgley akaacha kubahatisha na kufuata jedwali la elementi. Akaona nguvu ya kuzuia noki inaongezeka kadiri unavyoshuka kwenye safu fulani, na chini ya safu mojawapo ikakaa risasi. Tarehe 9 Desemba 1921 wakajaribu kiowevu kiitwacho tetraethili ya risasi. Kiasi kidogo sana, takriban sehemu moja kwa 1,300 za petroli, kiliinyamazisha injini. Tarehe 2 Februari 1923 galoni ya kwanza ikauzwa kituoni Dayton, kwa jina la biashara Ethyl. Hilo neno "risasi" halikuonekana kwenye jina, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya.

Walijua risasi ni sumu?

Walijua. Risasi imejulikana kuwa sumu tangu zama za Warumi. Hii tetraethili yake ni mbaya zaidi kwa sababu inapenya kwenye ngozi na kushambulia ubongo. Midgley mwenyewe aliugua, na mwanzoni mwa 1923 akaenda Florida kupumzisha mapafu.

Vifo vilifuata upesi. Vilitokea Dayton, vikatokea kwenye kiwanda cha DuPont huko New Jersey, na Oktoba 1924 vikatokea kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, ambako wafanyakazi watano walikufa na wenzao wengi wakalazwa. Wengine walikuwa wakiona vitu visivyokuwepo, wakapiga kelele hadi wakafungwa kwa nguvu. Tarehe 30 Oktoba Midgley aliitisha waandishi wa habari New York, akanawa mikono kwa kiowevu hicho mbele yao na kunusa chupa yake kwa dakika moja, ili waamini kwamba hakina neno. Huyo ni mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kuuguza sumu hiyo hiyo. Nikifika hapa darasani, pananyamaza.

Mei 1925 mkuu wa huduma za afya za umma wa Marekani aliitisha mkutano. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alipinga waziwazi. Uuzaji ukasimamishwa, kamati ikapewa miezi michache, na mwaka 1926 pampu zikafunguliwa tena. Kamati iliwaangalia madereva na wafanyakazi wa gereji kwa muda mfupi, ambao hautoshi kuona madhara ya sumu inayojilimbikiza mifupani kwa miaka.

Nimesoma kwamba tetraethili ya risasi ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1850. Sasa Midgley alipewaje hataza?

Swali hili aliniuliza fundi mmoja wa gereji, na ndilo muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi (patent), hailindi kitu kwa sababu tu umekishika mkononi. Inalinda wazo jipya linalofanya kazi, na wazo linaweza kuwa dutu mpya, njia mpya ya kuitengeneza, au matumizi mapya ya dutu ya zamani. Mkemia wa Ujerumani aliitengeneza ile dutu, akaiacha kabatini. Kuitia kwenye petroli ili kuzuia noki hakukuwahi kuwaziwa na mtu, na matumizi hayo ndiyo yaliyolindwa. Mambo yakawa yale yale kwenye gesi ya friji: Mbelgiji Frédéric Swarts alikuwa ameshatengeneza gesi za jamii ile miaka ya 1890, na waliokuja kuchukua hataza za kuzitumia kupoza ni Midgley na wenzake.

Ona pia kile ambacho ofisi ya hataza haiulizi. Inauliza: ni kipya? Kinafanya kazi? Kina manufaa ya kiwandani? Haimuulizi mwombaji dutu yake itakwenda wapi baada ya kutoka kwenye ekzosi. Midgley alijibu vizuri sana kila swali aliloulizwa.

Hapakuwa na njia nyingine?

Palikuwa na alkoholi. Ethanoli huzuia noki, na Midgley na Kettering walilijua hilo. Waliwahi hata kuisifu hadharani kama mafuta ya siku zijazo. Lakini fikiria kama mfanyabiashara. Alkoholi inatakiwa nyingi, asilimia 10 na zaidi ya tangi. Mkulima yeyote mwenye mahindi na pipa anaweza kuipika, na huwezi kumtoza mtu ada kwa kitu anachokipika nyuma ya nyumba. Risasi inatakiwa vijiko vichache, ina hataza, na kila galoni inayouzwa inaacha senti zake kwa mwenye hataza. Agosti 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey zikaunda kampuni ya pamoja, Ethyl, kuvuna senti hizo.

Siwezi kusema hataza pekee ndiyo iliyoamua. Bei nayo ilikuwa na nguvu. Ila leo petroli ya nchi nyingi ina ethanoli ndani yake, kwa hiyo jibu la pili halikuwa ndoto.

Habari ya bromini ya baharini ni kweli?

Kweli. Risasi iliyoungua iliganda kwenye plagi na valvu, ikabidi itiwe kiambato chenye bromini ili itoke na moshi. Bromini ya kutosha haikuwepo sokoni. Bahari inayo, lakini ni kama gramu 65 tu katika tani nzima ya maji. Kampuni ya Ethyl ilifunga mitambo kwenye meli ili kujaribu, na miaka ya 1930 kiwanda cha pwani kikajengwa North Carolina pamoja na kampuni ya Dow. Kihandisi ni kazi ya kuvua kofia. Kusudi lake lilikuwa risasi ipite injini salama na kuishia hewani.

Na mpira?

Alifanya utafiti mrefu wa kemia ya mpira wa asili na wa kutengeneza, akaandika makala nyingi za kitaalamu. Kazi nzuri, haina kashfa, ndiyo maana hakuna anayeikumbuka.

Gesi ya friji ilipatikanaje?

Friji za miaka ya 1920 zilikuwa hatari ndani ya nyumba. Zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au methili kloridi. Zikivuja usiku, familia iliweza kufa usingizini. General Motors ilimiliki Frigidaire, na mwaka 1928 Kettering akamtaka Midgley atafute gesi isiyoungua na isiyo na sumu.

Midgley, Albert Henne na Robert McNary walikaa na jedwali la elementi, wakaona kwamba elementi zinazofaa zimesongamana pembe moja, na karibu na pembe hiyo kuna florini. Watu waliiogopa florini kama nyoka. Wao wakasema: ikishikana na kaboni kwa nguvu, haitang'ata. Ndani ya siku chache walikuwa na wazo na gesi yenyewe.

Kuna sehemu ninayoipenda. Waliagiza chupa tano ndogo za chumvi ya antimoni, ndiyo waliyohitaji kutengenezea gesi. Wakachukua moja bila kuchagua, wakatengeneza gesi, wakamwekea simbilisi chini ya kengele ya kioo. Simbilisi akaendelea kuhema vizuri. Wakatumia chupa ya pili, simbilisi akafa. Wakachunguza na kukuta chupa nne kati ya tano zilikuwa na uchafu uliozalisha fosjini, gesi ya sumu iliyotumika vitani. Wangeanza na mojawapo ya hizo nne, yumkini wangeiacha kazi siku ile ile.

Aprili 1930, mbele ya wanakemia waliokutana Atlanta, Midgley alivuta gesi hiyo hadi mapafu yakajaa, akaipuliza taratibu juu ya mshumaa, na mshumaa ukazimika. Pumzi moja ilithibitisha yote mawili: haina sumu na haiungui. Safari hii onyesho lilikuwa la kweli. Biashara ikaiita Freon. Mafundi wanaijua kama R12.

Alijua kwamba itaharibu ozoni?

Hapana, wala hakuna aliyejua. Hapa naomba msomaji atofautishe. Kuhusu risasi alionywa, na akanawa mikono. Kuhusu Freon, sayansi ya kumwonya haikuwa imezaliwa.

Sifa iliyoifanya ipendwe ndiyo iliyoleta balaa. Kwa kuwa haishikani na kitu, hakuna kinachoivunja huku chini. Hukaa angani kwa karibu miaka 100, inapanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni, ile gesi ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua, na huko miale hiyo inaikata na kuachia klorini. Klorini haiishi kwa kuvunja ozoni. Inavunja molekuli moja, inatoka, inavunja nyingine, maelfu kwa maelfu. Mario Molina na F. Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya machipuko. Midgley alikuwa kaburini miaka 41.

Alikuwa na hataza ngapi, na zilimtajirisha?

Zaidi ya 100. Maisha yake yalikuwa mazuri, akapewa karibu kila nishani kubwa ya kemia nchini mwake, ikiwemo ya Perkin mwaka 1937 na ya Priestley mwaka 1941. Mwaka 1944 alikuwa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani, mtu ambaye hakuwa na shahada ya kemia. Lakini jina la mvumbuzi kwenye hataza na mmiliki wa hataza ni vitu viwili. Aliyeajiriwa kuvumbua huvumbua kwa niaba ya mwajiri, na fedha nene ziliingia kwenye makampuni.

Je, kwetu nikivumbua kitu kazini ni cha nani?

Kwa kawaida ni cha mwajiri kama kuvumbua ni sehemu ya kazi yako, isipokuwa mkataba useme vingine. Soma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Maombi ya hataza hupelekwa kwenye ofisi za usajili: KIPI kwa Kenya, BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, au ARIPO iliyoko Harare ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja. Na usikitangaze kabla hujaomba, maana ukishakianika hadharani upya wake unaweza kukupotea.

Alikufaje?

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, alipata polio na miguu ikapooza. Akabuni mfumo wa kamba na kapi wa kumwinua kutoka kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa nyumbani kwake Worthington, Ohio, amenyongwa na kamba hizo. Watu hupenda kuisimulia kama ajali ya mvumbuzi aliyeuawa na ubunifu wake mwenyewe, na wengine hata huicheka. Mamlaka za eneo lile ziliona kuwa alijiua. Alikuwa mgonjwa aliyeteseka miaka minne, na sioni cha kuchekesha hapo.

Petroli ya risasi iliisha lini Afrika?

Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia Januari 2006 ukanda wote ulikuwa umeacha. Algeria ndiyo iliyofunga mlango wa dunia, Julai 2021. Tarehe 30 Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likatangaza kwamba hakuna tena kituo duniani kinachouzia magari petroli hiyo. Shirika hilo linakadiria kuwa kuiondoa kunaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka. Kutoka Dayton hadi tangazo lile la Nairobi ni miaka 98 na nusu.

Ndege ndogo za injini ya pistoni bado zinatumia petroli yenye risasi. Na risasi haikuja kwa moshi wa magari peke yake: waulize wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Julai 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, katika kesi iliyokuja kupanda hadi Mahakama ya Juu.

Kigali inaingiaje kwenye habari hii?

Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziondoa gesi za Midgley; nchi zinazoendelea ziliacha kuzizalisha mwaka 2010. Zilizorithi nafasi yake, kama R134a, haziharibu ozoni lakini hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko dioksidi ya kaboni kwa uzito ule ule. Oktoba 2016 nchi zikakutana Kigali na kukubaliana kuzipunguza nazo. Sasa friji nyingi mpya dukani zina R600a, ambayo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Inawaka. Tumerudi kwenye hatari aliyoikimbia Midgley mwaka 1928, tofauti ni kwamba friji ya leo inabeba makumi machache tu ya gramu.

Friji ya bibi ina R12 na bado inagandisha. Niitupe?

Ikigandisha, iache igandishe. Gesi iliyofungwa ndani haimdhuru mtu. Angalia kibandiko nyuma karibu na kompresa uhakikishe ni R12. Siku ikifa, usimpe wa chuma chakavu aikate bomba pale uani, maana ule mlio wa "shiii" ndio gesi inayoanza safari. Tafuta fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa kuihifadhia, na umuulize kabla hajafungua begi la spana kama mtungi amekuja nao.